Hesabu Iliyoishia Tisa

Hidaya mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi, na uzima wako naujua, maana nimekusikia ukishuka ngazi kwa kuruka mbili mbili kama ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa shule ya msingi. Umeenda Kariakoo kutafuta begi, kwa kuwa zipu ya lile la zamani imegoma kabisa. Najua utachelewa. Utabishana na wauza mabegi mpaka wachoke wao. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye meza ya chakula, dirisha liko wazi, kelele za Mchafukoge zinapanda mpaka huku ghorofa ya tatu, na kesho alfajiri basi lako linaondoka kwenda Njombe.

Mambo ya kula vizuri, ya kufunga gesi, ya kutofungulia mlango mtu usiyemjua, sitayaandika. Hayo umeyasikia mpaka umeyakinai. Nataka kukuandikia jambo ambalo sijakuambia tangu ukiwa kidato cha pili, na ambalo nisipokuambia leo sitakuambia tena.

Unaenda kuwa msimamizi wa chumba cha upasuaji. Wewe ndiye utakayepanga nani anaingia saa ngapi. Utakuwa na meneja anayetaka wagonjwa wengi kwa siku, utakuwa na daktari anayetaka aanze kwa wakati na amalize kwa wakati, na utakuwa na mgonjwa aliyelala, ambaye hawezi kutaka kitu chochote. Kazi hiyo niliifanya mimi miaka mingi kabla yako. Umekua ukiamini kwamba niliiacha kwa sababu ya mgongo. Ulikuwa ukinikanda kila jioni kwa mafuta ya nazi, ukirudi likizo, mikono yako midogo, unauliza, "Hapa, mama? Au hapa?" Nami nikikuelekeza, shuka kidogo, hapo hapo.

Mgongo wangu haukuwa unauma, Hidaya.

Hospitali ile unaijua, kwa hiyo jina sitalitaja. Thieta za upasuaji zilikuwa mbili, ghorofa ya nne, hazina dirisha hata moja. Unatoka kwenye lifti, kelele za mtaa zote bado ziko masikioni mwako, honi, wauzaji, spika za madukani. Unasukuma ule mlango mzito wa pili, kelele zote zinakatika. Siku zangu za kwanza ukimya ule ulinipa amani. Baadaye uliacha kunipa amani.

Nilipokabidhiwa usimamizi, mambo yalikuwa ovyo. Usije ukadhani nakuambia kwamba haraka ni mbaya. Nilimkuta bibi mmoja mwenye kisukari amelazwa kwenye korido tangu asubuhi, hajala tangu jana yake kwa sababu ameambiwa afunge kwa ajili ya upasuaji, na mpaka alasiri hakuna aliyemwambia kitu. Alipoteza fahamu pale pale, tukimpita. Kosa lake lilikuwa nini? Ufunguo wa stoo ya vifaa ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda kula. Kwa hiyo nilipoanza kubana muda nilibana kwa haki. Ufunguo nikauwekea ndoano ukutani. Majibu ya damu nikataka yawe ndani ya faili jana yake, siyo mgonjwa ameshavua nguo ndipo watu waanze kukimbizana. Vifaa vya upasuaji wa pili nikataka viwe vimeshachemshwa na kufungwa kabla wa kwanza haujaisha. Miezi michache tu, watu waliacha kuzirai kwenye korido yangu. Nilijivuna, na nilikuwa na haki ya kujivuna.

Daktari wetu bingwa alikuwa Dk. Anselm. Mrefu, mpole kwa wagonjwa, mkali kwetu. Mikono yake ilikuwa myepesi, sijaona tena mikono kama ile. Wagonjwa walikuja kwa ajili yake, na yeye alilijua hilo. Akichelewa kuanza hata kidogo, alikuwa akisimama mlangoni amekunja mikono, anaangalia saa ya ukutani, hasemi. Halafu jioni anapita kwa meneja, Bwana Hasmukh, anamwambia kwamba kuna hospitali nyingine ng'ambo ya mji inamtaka.

Bwana Hasmukh aliniita ofisini. Mtu mstaarabu, hakuwahi kunipandishia sauti. Akaagiza chai, akanisogezea sahani ya vitafunwa vya chevda, akasema, "Sista Zaituni, umefanya kazi kubwa. Lakini kati ya mgonjwa mmoja na mwingine bado tunapoteza muda. Daktari analalamika. Huwezi kupunguza tena kidogo?"

Nikasema, "Nitajaribu, Bwana."

Hapo ndipo pa kuangalia, mwanangu. Neno "tena kidogo." Muda uliokuwa unapotea bure nilikuwa nimeshauokota wote. Uliobaki ulikuwa ule wenye kazi yake. Lakini sikumwambia hivyo. Nilikuwa nimesifiwa, na mtu akishasifiwa kwa jambo anaona aibu kusema limefika mwisho.

Unajua utaratibu, lakini nauandika ili tuwe pamoja. Kabla daktari hajafunga tumbo, manesi wawili wanahesabu gozi, vile vitambaa vya kufyonzea damu, kwa sauti, moja moja: nesi aliyenawa, anayempa daktari vifaa, na nesi wa kuzunguka. Zile gozi kubwa za tumboni zinakuja kumi kumi. Zikiingia kumi lazima zionekane kumi, ndipo unaandika kwenye fomu na kusaini. Inachukua dakika chache. Na hizo ndizo dakika pekee ndani ya thieta ambazo ukiziiba hakuna anayelia siku hiyo. Mgonjwa haoni. Daktari anafurahi. Meneja anakuagizia chai.

Nilianza kwa kujaza fomu asubuhi, zote, kumi zimeingia, kumi zimetoka, ili baadaye iwe kuhesabu tu bila kuandika. Halafu ikawa kuhesabu kwa macho. Halafu siku ikafika.

Mgonjwa alikuwa anaitwa Sikudhani. Mtu wa Newala, anaishi Buguruni kwenye chumba cha kupanga, anauza ndoo na mabeseni ya plastiki Kariakoo. Umri kama thelathini na nne. Alikuja kutolewa uvimbe kwenye kizazi kwa sababu alitaka mtoto. Kabla hajalazwa usingizi aliniuliza, "Sista, na wewe utakuwepo humu?" Nikamwambia nipo. Akasema, "Basi sawa."

Nesi wa kuzunguka alikuwa anaumwa siku hiyo, nikaingia mimi kuziba pengo. Aliyenawa alikuwa Sista Grace. Kazi ilikwenda vizuri, damu ilitoka nyingi kidogo lakini ikatulia. Mgonjwa wa pili alikuwa ameshaletwa mlangoni. Dk. Anselm alishika sindano ya kufungia, akatazama saa.

Grace akaniuliza, "Sista, tuhesabu?"

Nikasema, "Zimetimia. Nimeziona."

Sikuwa nimeziona. Niliangalia lile rundo jekundu ndani ya beseni, nikaona ni rundo. Daktari akafunga. Mama Neema, aliyekuwa akifanya usafi, akabeba mfuko wa taka moja kwa moja kwenye tanuru, haraka, kama nilivyomfundisha mwenyewe.

Baada ya muda nikapita chumba cha kuzindukia. Nesi wa pale, Eliza, alikuwa anacheka taratibu. "Njoo umsikilize mfanyabiashara wako, sista. Anahesabu ndoo zake."

Sikudhani alikuwa amefumba macho, midomo imekauka. Anasema polepole, kwa sauti ya chini iliyo sawasawa kabisa: "Moja. Mbili. Tatu." Mpaka tisa. Akifika tisa ananyamaza, kama mtu anayesubiri kujibiwa. Halafu anaanza upya.

Watu wakitoka kwenye nusu kaputi wanasema mengi, wewe unajua. Wengine wanaimba, wengine wanatukana wakwe. Nilijiambia hivyo. Lakini nilisimama pale mpaka akarudia mara nne, na kila mara aliishia palepale, na ule ukimya baada ya tisa ulikuwa na urefu uleule.

Nilimfuata Dk. Anselm kwenye sinki akinawa kwa ajili ya mgonjwa aliyefuata. "Daktari, nina wasiwasi na hesabu ya Sikudhani."

Akauliza bila kugeuka, "Fomu inasemaje?"

"Inasema kumi."

"Basi ni kumi."

Nilitakiwa kusema maneno manne tu: fomu niliijaza asubuhi, hatukuhesabu. Nilifungua mdomo, maji yakawa yanatiririka, nikaufunga. Sikudhani alikaa siku zake wodini, akaruhusiwa, akaniaga kwa kunishika mkono. Mkono ulikuwa wa moto. Nikajiambia ni jua.

Siku chache baadaye thieta ya pili ilimpokea mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa hapa hapa Mchafukoge, jirani tu na kwetu. Alipasuliwa ngiri na daktari mwingine, manesi wengine. Kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito tulimruhusu mkwewe akae naye akizinduka. Napita na makaratasi yangu, yule binti akaniita. "Dada, samahani. Baba anahesabu."

"Anahesabu nini?"

"Sijui. Kigujarati. Ek, be, tran... Anafika nav, anasimama. Nav ni tisa. Halafu anarudi mwanzo." Akanitazama akitaka nicheke. "Dukani hawezi kukosea hesabu, huyu."

Eliza alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, hacheki. Jioni hiyo aliniambia, "Sista, naomba unipangie wodini. Mle ndani sitaki kukaa peke yangu." Nilimpangia wodini.

Nilianza kusikiliza. Kila mgonjwa aliyezinduka nilijipa sababu ya kupita karibu. Wengi hawakusema kitu. Lakini nilipokuwa nikirudi thieta ikiwa tupu, mchana kweupe, taa zote zimewashwa, mashuka yamebadilishwa, nilihisi kama nimeingia katikati ya mazungumzo ambayo yamesita kwa sababu yangu. Siku ya Sikudhani kutolewa nyuzi hakuja. Nikapiga namba iliyokuwa kwenye faili, haikupatikana. Nikajiambia ameenda zahanati ya karibu na kwake. Wengi hufanya hivyo.

Sasa nafika kwenye sehemu yako.

Ulikuwa nyumbani, likizo ya mwezi wa sita. Nilirudi kutoka kazini mapema, kama saa tisa alasiri, nikakukuta umelala kwenye kochi na daftari kifuani. Jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye miguu yako. Nikaweka mkoba chini nisikuamshe. Ndipo nikaona midomo yako inacheza.

Nilisogea. Ulikuwa unasema moja, mbili, tatu. Sauti ya chini, iliyo sawasawa. Nilipiga magoti nikasikiliza mpaka tisa. Ukanyamaza. Hukuwa umepewa dawa yoyote, hukuwahi kukanyaga ghorofa ile ya nne, na mimi sikuwa nimetamka jambo lile ndani ya nyumba hii, hata kwa marehemu baba yako.

Nikakutikisa bega. "Hidaya. Hidaya, unaota nini?"

Ukafungua macho, ukanitazama, siyo kama mtu aliyetoka usingizini. Ukasema, "Mama, bado moja." Halafu ukageukia ukutani ukalala tena. Niliporudi usiku nilikukuta umeshaamka, unataka chai na mkate, na hukumbuki kitu. Nilikuuliza kwa kuzungukazunguka, nakumbuka, na wewe ukasema, "Mama una nini leo?"

Lakini kabla ya hapo mimi nilikuwa nimeshafika Buguruni na kurudi. Nilikuacha umelala pale pale kwenye kochi, nikashuka ngazi na kandambili, nikakodi bajaji.

Nilimpata kwa kuuliza. Nyumba yenye vyumba vingi vinavyotazamana, uani kuna kamba za nguo na wanawake wanachambua dagaa. Walinionyesha mlango. "Yule mgonjwa? Yuko ndani, hatoki siku hizi." Nikabisha hodi. Sauti ikasema, "Pita, sista," na mimi sikuwa nimejitambulisha.

Chumba kilikuwa kimejaa ndoo na mabeseni mpaka karibu na dari, za rangi zote, mwanga wa mlangoni ukipita ndani yake na kumwangukia usoni, kijani, nyekundu. Alikuwa amekonda. Harufu niliijua kabla sijamfunua, harufu ya usaha. Nikamgusa paji la uso, anawaka.

Akasema, "Nilijua utakuja. Umekuja kumalizia?"

"Kumalizia nini, dada?"

"Kuhesabu."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikamwambia, "Wewe ndiye uliyekuwa unahesabu, ulipozinduka. Eliza alikusikia. Nilikusikia mwenyewe."

Akatikisa kichwa polepole juu ya mto. "Mimi nilikuwa nakufuatisha. Nilipokuwa nimelala mle ndani nilikusikia wewe. Sauti yako hii hii. Unahesabu, unafika tisa, unanyamaza. Unaanza tena. Nikaona umepotea, nikawa nahesabu na wewe ili nikusaidie kufika." Akapumzika kidogo. "Na hapa bado unakuja. Mchana hasa. Leo hujaanza, ndiyo maana nikajua uko njiani."

Hidaya, mimi sikuhesabu. Siku ile, ndani ya chumba kile, sikutamka hata moja. Nimelifikiria jambo hili miaka yote na sina maelezo, na wewe usinitafutie. Ninachojua ni kwamba kuna kazi nilitakiwa kuifanya kwa sauti yangu, sikuifanya, na sauti yangu ilikwenda kuifanya bila mimi.

Wanawake wa uani walinisaidia kumpandisha kwenye bajaji. Njia nzima nilimshika kiunoni. Hospitali nikampeleka moja kwa moja eksirei. Gozi zile zina uzi mmoja ulioshonewa ndani ili uonekane kwenye picha. Ulionekana. Mstari mweupe mwembamba umejikunja chini ya kitovu, kama mtu ameandika herufi akaiacha.

Nilimpigia Dk. Anselm, akaja na nguo za nyumbani. Aliiinua picha kwenye taa. Akasema, "Fomu ilisema kumi."

"Fomu niliijaza asubuhi, daktari. Kabla hajaingia. Grace aliniuliza tuhesabu, mimi nikakataa."

Akavuta kiti akakaa. Nilidhani atanitukana. Alikuwa anatazama mikono yake. Akasema, "Na mimi niliangalia saa. Nilikuona unaniona naangalia saa."

Alimfungua Sikudhani jioni hiyo hiyo. Sehemu ya utumbo ilikuwa imeharibika, akaikata. Kizazi hakikuokolewa. Kabla ya kufunga, alirudi nyuma hatua moja kutoka mezani, akakunja mikono juu ya kifua, hakuitazama saa. Akasema, "Hesabuni. Mimi nasubiri." Mimi na Grace tukahesabu. Nilipofika tisa niliogopa, naapa niliogopa, kwamba hakutakuwa na kitu baada yake. Grace akainua ya mwisho akasema kumi. Mashine ya mapigo ya moyo ikaendelea na mlio wake uleule. Hakuna kilichotokea. Sikudhani alipozinduka alifungua macho akaomba maji, basi.

Alilala wodini wiki nyingi. Nilikwenda kila siku. Siku alipoweza kukaa nilimwambia yote, la fomu, la Grace kuuliza, la sinki. Nilimwambia kwamba siku ile aliponishika mkono kuniaga nilijua mkono wake una joto. Hakulia. Akasema, "Nimekusikia, sista." Sijui kama hilo ni msamaha. Sikumuuliza, na nakuomba ukiwahi kumkosea mtu kiasi hicho usimdai akupe na neno la kukutuliza. Alirudi Newala kwa ndugu zake. Mtoto hakupata. Sikukuu zote mbili za Idi huwa nampigia, tunazungumza habari za mvua na korosho, na kabla hajakata huwa anauliza, "Kazi yako inaendaje?" Namjibu kwa ukweli.

Niliandika maelezo kwa mkono wangu, nikampelekea Bwana Hasmukh. Aliyasoma mara mbili, akasema labda tungeweza kuandika kwamba ni bahati mbaya. Nikasema hapana. Nikavuliwa usimamizi, nikabaki nesi wa kuzunguka, na nyumbani nikakuambia mgongo. Nilijitetea kwamba wewe bado mtoto. Ukweli ni kwamba ulikuwa ukiwaambia rafiki zako mama yangu ndiye mkubwa wa thieta, na nilitaka uendelee kunitazama vile. Kwa hiyo niliacha unikande mgongo mzima. Kila jioni ile nilikuwa nasaini fomu nyingine ya uongo, na wewe ndiye mgonjwa uliyekuwa umelala bila habari.

Dk. Anselm hakuhama. Miezi mingi hakusema nami zaidi ya kazi. Halafu siku moja tukinywa chai alinieleza, bila kuulizwa, kwamba alipokuwa kijana huko mikoani mama mjamzito alifia mlangoni mwa thieta akisubiri chumba kisafishwe. "Nikiwaona mnakunja mashuka taratibu," alisema, "namwona yeye." Miaka yote nilidhani ni majivuno. Ningemuuliza mapema, tungepatana mapema. Tangu hapo tulikubaliana: asubuhi namwandalia aanze kwa wakati, vifaa anavyovipenda viwe mezani kabla hajanawa, simu zisiingie mle ndani, mgonjwa wa pili awe tayari na faili lake kamili. Nilimhudumia vizuri kuliko zamani. Na yeye, tukianza kuhesabu, anarudi nyuma hatua moja, chumba kizima kinanyamaza. Listi ya wagonjwa iliisha saa zile zile, mara nyingine imepitiliza kidogo. Hakuna aliyehama hospitali kwa sababu hiyo.

Huko Njombe watakupenda, wewe ni mwepesi kuliko mimi. Watakupima kwa muda, na uwape muda, upo mwingi umelala kwenye funguo na makaratasi na watu wasioambiana. Utakapoona umeuokota wote, na mtu mstaarabu anakusogezea sahani na kukuomba tena kidogo, mwambie umeisha. Mwambie kwa sauti. Daktari akikukasirikia, mkalishe siku nyingine umuulize anamwona nani mlangoni. Na siku utakayokosea, kwa sababu utakosea, sema kabla maji ya sinki hayajafungwa.

Na kama siku moja mgonjwa anazinduka akasema jambo ambalo watu wote wanalicheka, wewe usicheke. Kaa hapo usikilize mpaka mwisho.

Nasikia unapanda ngazi, polepole, begi linagonga kila kipandio, lazima umenunua kubwa mno. Barua hii nitaichomeka kati ya nguo zako, utaikuta ukiwa umeshafika. Kesho stendi, mbele za watu, sitaweza kukuambia hata robo ya haya. Nitakuuliza kama umebeba sweta, Njombe kuna baridi, nitakuuliza mara mbili au tatu mpaka uniambie, "Mama, basi, nimebeba." Utakapoisoma hii utajua nilikuwa nakuhesabia, kwa sauti, ili safari hii nisibakize hata moja.

Mama yako,
Zaituni